Aliyewahi Kupasuliwa Azalie Wapi? Swali la Wajawazito wa Kabanga

Mwanamke aliyejifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji anaposhika mimba nyingine, hukabiliwa na uamuzi ambao wajawazito wenzake hawanao: apasuliwe tena kwa tarehe iliyopangwa kabla ya uchungu kuanza, au asubiri uchungu, asimamiwe kwa karibu, na ajaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Njia hii ya pili wataalamu wa uzazi huiita jaribio la uchungu baada ya upasuaji, yaani mama huruhusiwa kuendelea na uchungu huku timu ya upasuaji ikiwa tayari kuingilia kati dakika yoyote mambo yakiharibika. Busara ya jaribio hilo hutegemea kwanza aina ya kovu lililobaki kwenye mji wa mimba, kisha muda unaohitajika kumfikisha mama kwenye meza ya upasuaji. Katika Kabanga, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya wilaya za Ngara na Biharamulo, la kwanza laweza kuwa halijaandikwa mahali popote, na la pili hutegemea barabara. Hoja ya makala haya ni kwamba hospitali inayolikataa jaribio moja kwa moja kwa sababu ya ugumu huo hailifuti, bali hulihamisha tu kutoka wodini, penye chumba cha upasuaji, hadi nyumbani au kwenye zahanati, ambako hakuna cha kumwokoa mama wala mtoto.

Kabanga ni mji wa mpakani wilayani Ngara, mkoani Kagera, unaotazamana na Kobero ya Burundi, na kwa watu wa mbali unajulikana kwa foleni za malori na kwa nikeli iliyoko ardhini. Kwa mjamzito wa hapo, ramani yenye maana ni ya hospitali: ile ya serikali iliyoko Nyamiaga, ya Kanisa Anglikana iliyoko Murgwanza, ya Kanisa Katoliki iliyoko Rulenge, na kwa wale wa upande wa mashariki, hospitali ya Biharamulo. Mgonjwa anayehitaji huduma za ubingwa wa juu huandikiwa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, na hadi Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, gari la wagonjwa lililofuata njia hiyo lilipaswa kusubiri kivuko kama magari mengine. Umbali wa namna hii ni sehemu ya uamuzi wa kitabibu sawa na vipimo vya damu, na daktari anayemshauri mama bila kumwuliza anaishi kijiji gani, na usiku hupata usafiri gani, ameacha nusu ya kazi yake.

Upasuaji wa kumtoa mtoto si jambo geni katika ukanda huu wa Maziwa Makuu. Mwaka 1879, Robert Felkin, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza, alishuhudia upasuaji wa aina hiyo huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, na mwaka 1884 akaueleza katika jarida la madaktari la Edinburgh. Mganga alimlewesha mama kwa pombe ya ndizi, ndugu ya ile ambayo Kagera huitwa rubisi, akaitumia pombe hiyohiyo kunawa mikono na kusafisha tumbo, akakata kwa wima, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akaubana ukuta wa tumbo kwa misumari myembamba ya chuma na kuupaka dawa ya mizizi iliyopondwa. Felkin alipoondoka siku ya 11, mama na mtoto walikuwa wazima. Ustadi wa mganga yule unastahili heshima, hasa kwa kuwa wakati huo wanawake wengi waliopasuliwa katika hospitali za Ulaya walikufa. Lakini jambo moja katika maelezo ya Felkin linahusu moja kwa moja mada hii, nalo ni kwamba mji wa mimba wenyewe haukushonwa.

Huko Ulaya nako, ni mwaka 1882 tu ambapo Max Sänger wa Leipzig aliwashawishi wenzake kuushona mji wa mimba kwa uangalifu, na kwa miongo kadhaa baadaye mkato uliozoeleka ulibaki kuwa wa wima, unaopita katika sehemu ya juu yenye misuli minene. Sehemu hiyo ndiyo inayosukuma wakati wa uchungu, hivyo kovu lililopo hapo huvutwa kila uchungu unapopanda. Ni katika hali hiyo ambapo daktari Edwin Cragin wa New York aliandika mwaka 1916 kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima, maneno ambayo yamenukuliwa kwa zaidi ya karne kama amri, ilhali yeye aliyatoa kama onyo kwa madaktari wasikimbilie upasuaji wa kwanza. Miaka michache baadaye, Munro Kerr wa Glasgow alieneza mkato wa mlalo katika sehemu ya chini ya mji wa mimba, ambayo ni nyembamba, haisukumi sana na hupona vizuri. Mkato huo ndio unaotumika kwa kawaida leo, Tanzania ikiwemo, na kwa sababu yake kauli ya Cragin ilipoteza msingi wake wa kitabibu, ingawa katika wodi nyingi bado inaishi kama desturi.

Takwimu zinazofahamika zinatoa picha iliyo wazi kiasi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuatilia karibu wanawake 18,000 waliojaribu kuzaa kwa kawaida baada ya upasuaji, ulikuta kwamba asilimia 73 walifanikiwa na kwamba mji wa mimba ulipasuka kwa asilimia 0.7 yao. Mwongozo wa chuo cha kifalme cha madaktari wa uzazi cha Uingereza unataja mafanikio ya asilimia 72 hadi 75, na kwa mwanamke aliyewahi kuzaa kwa kawaida hata mara moja, asilimia 85 hadi 90. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa na kuchapishwa mwaka 1997 ulipata mafanikio ya asilimia 69, ambayo hayako mbali na yale ya nchi tajiri, lakini kupasuka kwa kovu kulikaribia asilimia 2. Pengo hilo la mwisho ndilo linalopaswa kusomwa kwa makini katika Ngara, kwa sababu wanawake wa Afrika walizaa karibu sawasawa na wenzao, ila kovu lao liliachana mara nyingi zaidi, na hatari hiyo huwa kubwa mno mahali ambapo hapana mtu wa kuligundua mapema wala mlango wa chumba cha upasuaji ulio wazi.

Kupasuka kwa mji wa mimba maana yake ni kovu kuachana wakati wa uchungu, damu kumwagika ndani ya tumbo, na mara nyingine mtoto kutoka nje ya mji wa mimba akiwa bado tumboni mwa mama. Tafiti za Marekani zilionyesha kwamba mtoto akitolewa ndani ya takriban dakika 18 tangu mapigo ya moyo wake yaanguke na kubaki chini, kwa kawaida hunusurika bila madhara makubwa, na baada ya hapo hatari hupanda kwa kasi. Hakuna gari liwezalo kutoka Kabanga hadi Murgwanza na mama kupokewa, kutiwa ganzi na kupasuliwa ndani ya dakika hizo. Kwa hiyo mama mwenye kovu hapaswi kuanzia uchungu wake kijijini kwa matumaini ya kukimbizwa hospitali. Anapaswa kuwa tayari hospitalini uchungu unapoanza, na hapa hapana nafasi ya kulegeza.

Nani basi anafaa kujaribu? Yule mwenye kovu moja la mlalo, mwenye mtoto mmoja tumboni aliyetanguliza kichwa, asiye na kasoro nyingine inayodai upasuaji, na ambaye umepita muda wa kutosha tangu kujifungua kwa kwanza, kwa kuwa uzazi unaofuatana kwa chini ya miezi 18 hivi huongeza uwezekano wa kovu kuachana. Sababu ya upasuaji wa kwanza nayo ina uzito mkubwa. Mwanamke aliyepasuliwa kwa kuwa mtoto alitanguliza matako ana nafasi nzuri kuliko aliyepasuliwa baada ya uchungu wa muda mrefu ambao njia ilifunguka yote na mtoto akakataa kushuka, ingawa hata huyu wa pili hakosi matumaini, maana mtoto wa pili si lazima alale kama wa kwanza. Mwenye kovu la wima katika sehemu ya juu, au ambaye mji wake wa mimba uliwahi kupasuka, hapaswi kujaribu kabisa.

Hapo ndipo karatasi inapokuwa na thamani ya uhai. Kovu linaloonekana kwenye ngozi halisemi chochote cha kuaminika juu ya kovu lililo ndani: mama anaweza kuwa na mshono wa mlalo, mzuri, chini ya kitovu, na ndani akawa na mkato wa wima uliofanywa kwa dharura kwa sababu mtoto alikuwa njiti au alilala kimshazari; na anaweza kuwa na mshono wa wima unaotisha kwenye ngozi, na ndani akawa na mkato wa chini ulio salama. Muuguzi wa kliniki anayelitazama tumbo na kuandika kwenye kadi maneno mawili tu, kwamba amewahi kupasuliwa, ametimiza wajibu wake kwa kadiri anavyoweza, lakini jibu linalohitajika limo katika daftari la chumba cha upasuaji cha hospitali alikopasuliwa, pengine katika mkoa mwingine. Wilaya ya Ngara inaujua upotevu wa kumbukumbu kuliko wilaya nyingi za Tanzania. Mwisho wa Aprili 1994 takriban watu 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda unaokaribia siku moja, kambi ya Benaco ikawa kama jiji kwa wiki chache, na Lukole ikaendelea kuwahifadhi wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2008. Watu waliozaliwa na kuzaa katika misafara ya namna hiyo hawakubeba mafaili.

Marekani yenyewe imepitia kosa ambalo Kagera inaweza kulikwepa. Mwaka 1996 zaidi ya robo ya wanawake wa huko waliokuwa na kovu walizaa kwa kawaida. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa uzazi wa nchi hiyo kiliandika kwamba daktari na timu ya upasuaji sharti wawepo papo hapo muda wote wa uchungu, na hospitali ndogo za vijijini, ambazo hazikuweza kumlipa mtaalamu wa ganzi akae usiku kucha, ziliacha kabisa kuwapokea wanawake hao. Katika miaka saba hivi, waliozaa kwa kawaida walishuka hadi chini ya asilimia 10. Wengine walisafiri mbali, wengine walipasuliwa bila kupenda, na wapo waliochagua kuzalia nyumbani. Mwaka 2010 masharti yalilegezwa na chama hicho kikasisitiza haki ya mama kueleweshwa na kuamua, lakini hospitali zilizokwisha kufunga mlango hazikuufungua kwa haraka.

Ipo tofauti kubwa kati ya mama wa Marekani na mama wa Ngara, na kwa maoni ya makala haya ndiyo inayolifanya jaribio liwe na maana zaidi Ngara kuliko Marekani: idadi ya watoto. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto karibu 5, na vijijini zaidi ya hapo. Anayekusudia kuzaa watoto wawili anaweza kupasuliwa mara mbili na mambo yakaishia hapo. Anayetarajia kuzaa watoto watano au sita, akianza na upasuaji na kila mimba ikafuatiwa na mwingine, anaelekea kwenye hatari ambayo huongezeka kwa kila mkato, yaani kondo la nyuma kujishikiza juu ya kovu na kuzama ndani ya misuli ya mji wa mimba hata lisiweze kutoka. Takwimu za Marekani za mwaka 2006 zilionyesha hali hiyo kwa wanawake 2 hadi 3 kati ya 1,000 katika upasuaji wa kwanza, zaidi ya 2 kati ya 100 katika upasuaji wa nne, na karibu 7 kati ya 100 katika upasuaji wa sita. Kondo la namna hiyo humwaga damu ambayo hospitali yenye chupa chache za damu kwenye jokofu haiwezi kuifidia, na mara nyingi mama huokolewa kwa kuondolewa mji wa mimba, akiokolewa. Anayemwambia mama wa mtoto mmoja kwamba upasuaji wa pili ndiyo njia ya usalama anapaswa kumwonyesha pia wa tatu, wa nne na wa tano.

Maelezo hayo yanazidi kuwa ya lazima kwa kuwa upasuaji wenyewe unaongezeka. Mwaka 2015-16 asilimia 6 ya watoto wa Tanzania walizaliwa kwa upasuaji. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 11. Sehemu ya ongezeko hilo ni habari njema, kwa kuwa tangu mwaka 2017 serikali imejenga na kukarabati vituo vya afya vingi na kuviwekea vyumba vya upasuaji, na wanawake ambao zamani wangekufa kwa uchungu uliokwama sasa wanapona. Lakini utafiti uliofanyika katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ulionyesha upasuaji ukipanda kutoka asilimia 19 ya waliojifungua hapo mwaka 2000 hadi asilimia 49 mwaka 2011, na wahudumu waliohojiwa walizungumzia hofu ya kulaumiwa mtoto akifa katika uchungu wa kawaida. Hofu hiyo inaeleweka. Daktari aliyempasua mama bila sababu ya kutosha haulizwi. Aliyemwacha ajaribu na mambo yakaharibika huitwa kwenye kikao cha kujadili kifo. Mizani ya lawama ikiwa hivyo, kovu la kwanza litaendelea kuzaa la pili.

Mama naye ana hesabu zake, na ni hesabu za maana. Baada ya upasuaji hatashika jembe kwa wiki kadhaa, hatajitwika ndoo ya maji wala mkungu wa ndizi kwenye vilima vya Ngara, na kazi hizo hazimsubiri. Mama mkwe atauliza kwa nini safari hii tena ni kisu. Ingawa sera inamsamehe mjamzito gharama za matibabu katika vituo vya umma, nauli, chakula cha anayemuuguza na siku nyingi za kukaa mjini havisamehewi. Mwanamke aliyekwisha kuambiwa kliniki kwamba kwake hakuna lingine ila upasuaji, na ambaye anauogopa, anaweza kukaa kimya nyumbani hadi uchungu ukolee, au kufika zahanati usiku akiwa amelificha kovu lake chini ya kanga na kadi ameisahau makusudi. Jaribio lake limekwisha kuanza, bila damu, bila daktari, bila mtu anayejua kwamba linafanyika.

Kinachohitajika ili jaribio lihamie mahali pake si vifaa vya ajabu. Mama mwenye kovu anapaswa kuonwa na daktari, au na daktari msaidizi, kabla ya mwezi wa nane, mumewe akiwepo ikiwa mama ataridhia, na waelezwe pande zote mbili bila vitisho. Utafiti uliofanywa katika mikoa ya Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba madaktari wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya, kwa ubora uliolingana na wa madaktari wenye shahada. Kwa hiyo ushauri huu hauna sababu ya kumsubiri bingwa kutoka Mwanza. Wiki mbili au tatu kabla ya tarehe, mama anayetoka mbali anapaswa kuhamia nyumba ya kusubiria iliyo jirani na hospitali, ile ambayo katika baadhi ya sehemu za nchi huitwa chigonela, na nyumba hiyo iwe na jiko, kitanda na mahali pa mtoto mkubwa, maana asiyeweza kumwacha mtoto hatakuja. Namba 115 ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambayo hupigwa bure ili kupata usafiri wa dharura, ibaki kwa ajili ya uchungu ulioanza kabla ya wakati.

Uchungu ukianza, kazi kubwa ni ya mkunga, na ni kazi ya masikio na ya mikono. Ni kusikiliza moyo wa mtoto angalau kila nusu saa, na kila dakika tano mama anapoanza kusukuma. Kuhesabu mapigo ya mama, kwa kuwa hupanda kabla shinikizo la damu halijashuka. Kumwuliza kama maumivu yanaendelea hata uchungu unapoachia. Kuangalia damu ukeni. Na kushtuka uchungu uliokuwa mkali unapokata ghafla. Hayo yote huandikwa kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu ambayo kila mkunga wa Tanzania amefundishwa kuijaza, na ambayo haina faida ikijazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Mkunga mmoja mwenye wazazi sita kwa zamu hawezi kuifanya kazi hiyo kikamilifu, na hospitali inayoruhusu jaribio inapaswa kumtengea mama huyo mtu wake. Chupa mbili za damu ya kundi lake ziwepo kabla, si baada. Dawa ya misoprostol isitumike kamwe kumwanzishia uchungu, kwa kuwa utafiti wa jimbo la Washington uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kovu likipasuka kwa wanawake 5 kati ya 1,000 walioanza uchungu wenyewe, na karibu 25 kati ya 1,000 walioanzishiwa kwa dawa za jamii hiyo.

Hospitali isiyoweza kutimiza hayo usiku wa Jumapili sawa na mchana wa Jumatatu iseme wazi, na impangie mama upasuaji au impe rufaa mapema. Kusema hivyo si aibu. Makosa ni kumwacha ajaribu kwa jina tu, huku mtaalamu wa ganzi yuko kijijini kwao na mafuta ya jenereta hayajulikani yalipo.

Siku anayofaa kuanza kujiandaa mama huyu ni ile anayoruhusiwa kutoka wodini baada ya upasuaji wa kwanza, wakati aliyempasua bado anakumbuka alichokiona. Karatasi moja inatosha, ikieleza sababu ya upasuaji, mkato ulivyokuwa ndani, kama ulichanika kuelekea juu au pembeni, kama daktari anaona mama anafaa kujaribu mimba ijayo, na mimba hiyo isubiri hadi lini, pamoja na njia ya uzazi wa mpango aliyoichagua. Ibandikwe ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo akina mama huitunza kuliko kadi nyingine zote. Kwa Kabanga lipo jambo moja zaidi. Burundi iliondoa malipo ya kujifungua mwaka 2006, upasuaji ukiwemo, na familia za mpakani zina ndugu pande zote mbili, hivyo kovu la mama anayehudhuria kliniki Kabanga laweza kuwa lilishonwa Muyinga, ng'ambo ya mpaka, na maelezo yake kuandikwa kwa Kifaransa. Muuguzi anayezungumza Kihangaza, lugha ya Ngara, huelewana na mama wa Kirundi bila mkalimani, lakini karatasi hiyo hawezi kuisoma. Kwa hiyo waganga wakuu wa Ngara na Muyinga, ambao tayari wana sababu nyingi za kuwasiliana juu ya magonjwa yanayovuka mpaka, wanaweza kukubaliana fomu moja ya upasuaji wa uzazi yenye Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili.